Kaya ya mtu mmoja

Nilihamia Mwananyamala, Dar es Salaam, mwezi wa tatu mwaka 2011. Chumba kimoja, shilingi 40,000 kwa mwezi, miezi sita unalipa mbele na mwezi mmoja wa dalali juu. Kabla ya hapo nilikuwa kwa shangazi Temeke, na kwa shangazi burudani haikuwa na bei. Redio ipo, televisheni ipo, binamu na watoto wa majirani wamejaa sebuleni, unacheka mpaka usingizi unakuchukua palepale kwenye mkeka. Usiku wangu wa kwanza Mwananyamala nililala saa mbili na nusu. Sikuwa nimechoka. Sikuwa na la kufanya wala wa kuongea naye, na betri za redio zilikuwa zimeisha.

Nilikuwa karani wa mauzo katika duka la jumla la vyombo Kariakoo, mshahara 250,000. Kazi ile ilinijengea tabia ya kuandika kila kinachotoka, kwa hiyo nilipoanza maisha nikanunua kaunta buku na kuipiga mistari: kodi, chakula, nauli, nyumbani, na safu ya mwisho nikaiandika "raha". Kaunta buku zangu leo ni nne. Ninazo zote, moja imelowa mvua na kurasa zake zimegandana. Ninayoyasema hapa nimeyasoma humo, kwa sababu kumbukumbu ya mtu kuhusu hela zake za starehe huwa inamwonea huruma mwenyewe.

Raha za mwaka ule wa kwanza zilikuwa za nje. Jumapili naenda ufukwe wa Coco na wenzangu wa dukani, tunakula mihogo ya kukaanga na pilipili, mishikaki miwili miwili, jua likizama tunarudi. Mwisho wa mwezi tunaenda Mango Garden, Kinondoni, kuiona bendi ya Twanga Pepeta. Siku yangu ya kwanza kwenye dansi imeandikwa hivi: kiingilio 5,000, soda 2,000, chips 2,500, teksi ya kurudi 7,000. Nakumbuka nilivyoikodolea macho ile 7,000. Wenzangu watatu walikuwa wanakaa Magomeni, wakachangia gari moja, kila mtu akatoa elfu mbili na kidogo. Mimi njia yangu ilikuwa ya peke yangu, na saa tisa usiku mwanamke hapandi bodaboda ya mtu asiyemjua kwenda uchochoroni. Kwa hiyo muziki ulinigharimu 5,000, na kuishi peke yangu kukanigharimu 7,000.

Wakati ule sikuliona hivyo. Niliona tu kwamba dansi ni ghali, nikaanza kulikata. Hilo ndilo kosa langu la kwanza, na nimelirudia kwa sura tofauti kwa miaka kumi.

Aprili 2012 mwigizaji wa filamu Kanumba alifariki. Alizikwa tarehe 10, makaburi ya Kinondoni, na jinsi watu walivyofurika viwanja vya Leaders kumuaga nadhani kila aliyekuwa Dar anakumbuka. Wiki ile filamu zake hazikushikika. Duka la mtaani kwetu lililokuwa likikodisha CD kwa 500 kwa siku lilikuwa na foleni. Mimi sikuwa na televisheni. Niliangalia mbili kwa mama wa chumba cha mbele, tumebanana wanawake sita, wengine kitandani wengine chini, tunalia wote kama msiba ni wa nyumba yetu. Baada ya hapo nikaona haya kila jioni kuwa mzigo kwenye umeme wa mwenzangu. Mwezi wa sita nikanunua yangu, ya kichogo, inchi 14, ya mtumba, 90,000.

Nilifurahi sana. Sikujua kwamba siku ile ndiyo nimeacha kugonga mlango wa chumba cha mbele. Hatukugombana. Sababu ya kwenda tu ndiyo ilikwisha.

Tarehe 31 Desemba mwaka uleule, usiku, wakazima mitambo ya analojia Dar es Salaam. Tulitangaziwa mapema, lakini mimi nilikuwa na imani kwamba wataongeza muda, kama inavyokuwaga. Nimekaa kitandani nasubiri mwaka uingie, mara picha ikakatika, kioo kizima chenga, sauti fshhh. Nje watu wanagonga masufuria, watoto wanapiga kelele, mama mmoja anapiga vigelegele. Kutoka kitandani mpaka mlangoni zilikuwa hatua tatu. Nilibaki natikisa antena.

Januari nikakopa dukani, nikanunua king'amuzi. Hapo safu ya raha ikapata kitu ambacho haikuwa nacho: malipo yanayokuja kila mwezi, umefurahi hujafurahi. Nilikuwa natoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi na kurudi saa mbili usiku kwa sababu ya foleni. Agosti 2013 niliamua kuweka alama ya vema kila siku niliyokaa mbele ya televisheni zaidi ya nusu saa. Mwezi ulipoisha alama zilikuwa 11. Kifurushi cha 18,000 kwa siku 11 ni zaidi ya 1,600 kwa siku, na banda umiza, kibanda cha kuonyeshea mpira cha mtaani kwetu, mechi moja ilikuwa 500, pamoja na kelele za watu hamsini.

Kwa nini niliendelea kulipa? Nimejiuliza swali hili mara nyingi, na jibu nililolipata ni kwamba nilikuwa nalipia sauti. Nafika, nawasha, naenda uwani kuoga na kuinjika chungu, maneno yanasikika chumbani. Mtu aliyezoea nyumba yenye watu hawezi kujua uzito wa kufungua kufuli na kukuta kila kitu kiko vilevile ulivyokiacha asubuhi, kikombe palepale, kanga palepale. Nililipia niepuke hilo. Hakuna ubaya kulipia kitu cha namna hiyo, ila ni vizuri ujue ndicho unachonunua, maana sauti inapatikana kwa bei nyingine. Mwaka 2014 nilinunua redio ya umeme, 25,000, mara moja basi. Na vilipokuja vifurushi vya wiki na vya siku nikawa nalipa tu ninapokuwa na likizo au kuna mechi ya maana.

Halafu ikaja miaka ya harusi.

Kati ya 2014 na 2018 karibu wote niliosoma nao na kufanya nao kazi waliolewa au walioa. Kuna watakaobisha kwamba mchango wa harusi si burudani. Kwangu ulikuwa ndiyo burudani yenyewe, tena kubwa kuliko zote: ndipo nilipocheza, nilipokula vizuri, nilipopendeza, nilipoonana na watu. Na bei yake niliiona. Mwaka 2016 mshahara wangu ulikuwa umefika 420,000, na michango, sare, nywele, zawadi za kitchen party na usafiri wa kurudi usiku vilifika 735,000. Karibu mishahara miwili. Kabatini nilikuwa na magauni manne ya sare, kila moja limevaliwa siku moja.

Kitu kilichoniuma si jumla, ni kadi. Kadi ya singo ilikuwa 50,000 na ya dabo 80,000. Yaani wenye wenza wanakaa kwa 40,000 kila mmoja, na aliye peke yake, ambaye mara nyingi ndiye anayelipa kodi peke yake na umeme peke yake, anaongezewa elfu kumi. Nililipa hivyo mara sita au saba bila kufungua mdomo. Mara ya nane nikamfuata mweka hazina wa kamati, dada mtu mzima ambaye tulikuwa tunaheshimiana.

"Dada, mimi na mwenzangu wa pale dukani tunaomba tuchukue dabo moja."

"Mdogo wangu, dabo ni ya mtu na mwenza wake."

"Dada, viti si ni viwili? Sahani si ni mbili? Huyo mwenza anaongeza nini hapo?"

Akaniangalia, akacheka mpaka akafuta machozi, akaandika dabo. Kuanzia siku ile mimi na yule mwenzangu tulikuwa mke na mume wa kadi. Tuliokoa elfu kumi kumi kila sherehe, na tukagundua faida nyingine ambayo hatukuifikiria: tulikuwa tunarudi kwa bajaji moja. Alikuwa anaishi Kijitonyama. Miaka mitano nilikuwa nafanya naye kazi na sikuwahi kuuliza anakaa wapi.

Michango mingine niliiacha kabisa, na hapo sikupendwa. Kulikuwa na makundi ya WhatsApp unaingizwa asubuhi, jioni jina lako liko kwenye orodha ya ahadi, na bibi harusi humjui kwa sura. Nikajiwekea mpaka: nachangia kadi kwa mtu niliyewahi kula kwake au yeye kula kwangu. Wengine natuma elfu kumi na dua njema, kadi sihitaji. Rafiki mmoja aliniambia nimeanza uchoyo, na tangu hapo hatujarudi kuwa kama zamani. Iliniuma na inaniuma. Lakini nikifungua kurasa zile, sherehe ninazozikumbuka mpaka harufu ya pilau ni zile ambazo nilikuwa uwani tangu usiku, namenya vitunguu na shangazi za bibi harusi. Hizo zilinigharimu kidogo kuliko zile za ukumbini nilikokaa meza ya mwisho na watu nisiowajua, natazama saa.

Simu janja niliinunua 2018, mwaka niliohamia Tabata, chumba cha 80,000 kwenye nyumba yenye vyumba saba. Sikuona tatizo lolote mpaka 2020. Tarehe 17 Machi serikali ikafunga shule na kusimamisha mikusanyiko ya michezo, ligi ikasimama mpaka Juni, sherehe zikaahirishwa, na dukani tukaanza kuingia kwa zamu kwa sababu wateja wa mikoani hawaji. Siku tatu kwa wiki nilikuwa ndani. Nililala na simu mkononi na niliamka na simu mkononi. Bando la 1,000 likiisha naongeza jingine, saa nyingine kabla ya saa sita mchana nimeshanunua mawili.

Mwishoni mwa Mei nilikaa nikahesabu meseji za mwezi, moja moja, kalamu mkononi. Nilikuwa nimenunua bando mara 71. Jumla, 83,500. Ni zaidi ya kodi ya chumba nilichokuwa nimejifungia. Nikafungua kaunta buku kuangalia safu ya raha ya mwezi ule, nikakuta sifuri. Bando nilikuwa naliandika kwenye mawasiliano, pamoja na vocha ya kumpigia mama.

Hapa nataka kusisitiza kidogo, kwa sababu ndipo wengi wetu tunapojificha. Hata Ofisi ya Taifa ya Takwimu inapopima bei, mawasiliano yana kundi lake, migahawa ina kundi lake, na burudani, michezo na utamaduni kundi lake. Kwa hesabu za nchi huo ni utaratibu mzuri. Ila mtu mmoja akijigawa hivyo, raha zake zinasambaa: teksi imeingia kwenye nauli, chips kwenye chakula, gauni la sare kwenye mavazi, bando kwenye mawasiliano, na yeye anaapa kwamba hana starehe. Nilirudi nyuma nikapanga upya miaka yote tisa. Kila mwaka nilikuwa natumia kati ya sehemu moja ya sita na sehemu moja ya nane ya mshahara. 2011 ya Coco na dansi, 2013 ya king'amuzi, 2020 ya simu, hazipishani sana. Nilidhani nimekuwa nikibana matumizi. Hela ilibaki ileile, waliopungua ni watu.

Katika kuhesabu huko nikakuta kitu kingine: shilingi 150 zinakatwa kila siku kwa huduma ya vichekesho ambayo naona niliikubali kwa kubonyeza bila kusoma. Zilikatwa karibu miezi tisa, zaidi ya 40,000, na sikuwahi kucheka hata siku moja. Nilipiga huduma kwa wateja wakaiondoa kwa dakika mbili. Kama unaishi peke yako, angalia salio lako saa sita usiku na saa moja asubuhi uone kama linafanana.

Vifurushi vipya vya simu vilipoanza Aprili 2021 na nchi nzima ikalalamika hadi serikali ikavisitisha, nami nililalamika, na tulikuwa na haki. Ila nilikuwa tayari nimebadilika: bando moja la mwezi, linanunuliwa siku ya mshahara. Likiisha tarehe 20, limeisha.

Karani wa sensa alifika kwangu siku ya pili ya kuhesabiwa, 24 Agosti 2022. Binti mdogo, kizibao, kishikwambi mkononi, viatu vimejaa vumbi la Tabata. Nikampa stuli na maji.

"Dada, usiku wa kuamkia Jumanne mlilala wangapi hapa?"

"Mmoja."

"Mkuu wa kaya ni nani?"

"Mimi."

Akaendelea. Redio? Ipo. Televisheni? Ipo. Simu? Ipo. Feni, pasi, ipo, ipo. Alikuwa anabonyeza haraka haraka na mimi nasikia jibu langu kama la mtu mwingine. Alipomaliza akasema, kwa nia njema kabisa, "Hongera dada, una kila kitu." Kisha akaenda chumba cha jirani, na kupitia ukuta nikasikia: "Usiku wa kuamkia Jumanne mlilala wangapi?" Na sauti ya mzee ikajibu, "Mmoja." Chumba kilichofuata, mmoja. Katika vyumba saba, vinne tulijibu hivyo.

Matokeo yalipotangazwa tarehe 31 Oktoba, nchi ilikuwa na watu 61,741,120 na wastani wa kaya ukawa watu 4.3. Nikachukua kalamu. Kifurushi kikubwa cha 28,000 kwenye kaya ya kawaida ni kama 6,500 kwa kichwa. Kwangu ni 28,000. King'amuzi hakijui mmo wangapi chumbani. Nikatoka nje nikainua macho: juu ya bati la nyumba yetu kulikuwa na madishi na antena za ving'amuzi vitano, vimepangana kama uyoga baada ya mvua.

Nilimfuata mama mwenye nyumba.

"Shikamoo mama. Naomba jambo. Jumamosi na Jumapili nitoe televisheni yangu pale kibarazani, tuangalie wote, tuchange."

"Marahaba. Umeme nani analipa?"

"Tutakatana humohumo kwenye mchango."

"Na rimoti anashika nani?"

Hilo la rimoti nililipuuza, na ndilo lililokaribia kutuvuruga. Tulianza watu sita, 5,000 kila mmoja kwa mwezi: 25,000 kifurushi, 5,000 umeme. Mwezi wa kwanza wanaotaka tamthilia ya Kituruki na wanaotaka mpira hawakusalimiana wiki nzima. Kijana mmoja alikuwa haleti hela ila anakaa kiti cha mbele. Mama mwenye nyumba ndiye aliyekata shauri: mechi ina saa mbili na hairudi, tamthilia inarudiwa kesho yake, kwa hiyo siku ya mechi ni mechi. Na asiye na 5,000 aje na kitu, kahawa, karanga, hata jiko la mkaa. Yule kijana tangu hapo ndiye anayechoma mahindi.

Mei 28, 2023, Yanga ilicheza na USM Alger Dar es Salaam, mkondo wa kwanza wa fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Mimi ni Mwananchi, shabiki wa Yanga, tangu utotoni. Kibarazani tulihesabu watu thelathini na moja, wengine wamekaa juu ya ndoo, watoto juu ya ukuta, wana Simba wamejipanga nyuma wakituombea mabaya waziwazi. Mayele aliposawazisha jioni ile niliruka, mama wa chumba cha pili akanidaka kiunoni, tukaanguka wote juu ya jamvi. Hatujanyanyuka vizuri, wale wakafunga la pili. Ukimya ulioshuka pale sijawahi kuusikia. Juni 3 tukashinda 1–0 kwao na kombe tukalikosa kwa bao la ugenini, na usiku ule hakuna aliyekwenda kulala. Mzee wa chumba cha jirani, dereva wa malori aliyestaafu, ambaye kwa miaka mitano tulikuwa tunaishia kwenye salamu, alitusimulia Tunduma na Lubumbashi mpaka saa nane. Sehemu yangu ya gharama za Mei na Juni ilikuwa 10,000.

Kaunta buku ya nne ina safu moja ya ziada. Baada ya kiasi naandika: na nani. Kuna siku naiacha wazi, na siyo mbaya, zipo jioni ambazo nataka redio yangu na mlango wangu umefungwa. Ila safu ikiwa tupu wiki mbili mfululizo najua la kufanya kabla sijaanza kununua bando.

Jumatano iliyopita hakukuwa na mechi wala tamthilia. Saa mbili na nusu usiku nilikuwa nimeshazima taa. Mlango ukagongwa. Alikuwa mzee wa jirani na chupa ya chai.

"Binti yangu, saa hizi unalala?"

Nikamtolea stuli. Asubuhi yake niliandika: maandazi manne, 800. Na nani: mzee, mpaka saa nne.